Kundinyota

Kundinyota ni eneo la anga lenye mipaka maalumu. Watazamaji wa kale waliunganisha nyota angavu wakapata maumbo ya wanyama na mashujaa. Ptolemaio wa Aleksandria aliorodhesha makundinyota 48 katika karne ya 2. Mwaka 1922 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulikubali makundinyota 88, na mipaka iliyochorwa na Mbelgiji Eugène Delporte ikachapishwa mwaka 1930. Hivyo hakuna sehemu ya anga isiyo na kundinyota. Ujirani wa nyota za kundinyota moja ni wa machoni tu: katika kundinyota la Jabari, nyota Rijili iko umbali wa takriban miakanuru 860, Bellatrix karibu 250. Kilimia, kinachojulikana sana na wakulima, si kundinyota bali ni fungunyota halisi ndani ya kundinyota la Ng'ombe.