Upigaji picha wa miti inayobadilika rangi

Upigaji picha wa miti inayobadilika rangi ni sehemu ya upigaji picha wa mandhari inayoshughulika na miti katika majira ambayo majani yake huwa mekundu, ya njano, ya rangi ya shaba au ya kahawia. Kazi hiyo hutegemea mambo mawili: uwiano wa rangi, yaani rangi za picha kulingana na zile zilizoonekana mahali pale, na mpangilio, yaani jinsi vitu vinavyowekwa ndani ya fremu.

Mafundisho mengi kuhusu picha za aina hii yametoka nchi zenye majira ya kupukutika majani, kama Marekani, Kanada na Japani. Katika Afrika ya Mashariki miti hubadilika rangi kwa sababu tofauti na kwa wakati tofauti. Mazingira ya Mazimbu, mjini Morogoro, na Milima ya Uluguru ni mfano mzuri.

Majira na rangi za majani

Katika nchi za baridi, mchana unapopungua kati ya Septemba na Novemba, miti huvunja klorofili, ambayo ndiyo rangi ya kijani ya majani. Rangi za njano za karotenoidi zilizokuwa zimefichika huonekana, na baadhi ya miti hutengeneza antosianini, ambayo ni nyekundu. Baadaye majani huanguka.

Katika misitu ya miombo hali ni kinyume. Miti ya jenasi Brachystegia na Julbernardia huwa na wekundu wakati wa kuchipua. Kati ya Agosti na Oktoba, kabla ya mvua kuanza, majani machanga hutoka yakiwa mekundu, ya waridi au ya rangi ya shaba kutokana na antosianini, kisha huwa ya kijani klorofili inapoongezeka. Miombo ya namna hiyo hupatikana Kitulangalo, kando ya barabara ya Morogoro kwenda Dar es Salaam, na katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi.

Neno "vuli" huleta utata hapa. Nchini Tanzania vuli ni mvua fupi za Oktoba hadi Desemba, lakini baadhi ya maandishi hulitumia kwa majira ya kupukutika majani ya Ulaya. Msomaji anayeona maelezo "majani ya vuli" chini ya picha ya miombo anaweza kudhani miti inapoteza majani, kumbe inachipua.

Miti mingine ya eneo hilo ina kalenda yake. Mtiki (Tectona grandis), unaopandwa Mtibwa, na mbuyu (Adansonia digitata) hupukutisha majani wakati wa kiangazi. Misitu ya juu ya Uluguru hubaki ya kijani mwaka mzima, hasa upande wa mashariki unaopata mvua nyingi kutoka Bahari ya Hindi.

Mwanga

Milima ya Uluguru, yenye vilele vinavyozidi mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, huonekana upande wa kusini-mashariki mtu akiwa Mazimbu. Kwa hiyo asubuhi, hasa kuanzia Oktoba hadi Februari, jua hutokea karibu na upande wa milima yenyewe, na mteremko unaotazama mji huwa kivulini. Kuanzia saa 10 alasiri mwanga huupiga mteremko huo kutoka magharibi, na mikunjo ya mabonde huonekana vizuri.

Morogoro iko karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta. Jua la mchana hupita utosini mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, wakati ambao majani machanga ya miombo bado yanaweza kuonekana. Saa za mchana katika kipindi hicho huacha vivuli vizito chini ya miti na mng'ao mweupe juu ya majani. Siku ya mawingu mepesi hufaa zaidi kwa picha za karibu za majani, kwa kuwa mwanga husambaa sawasawa. Moshi na vumbi la kiangazi hupunguza rangi za milima ya mbali, lakini baada ya mvua hewa husafika.

Filta ya polaraizi hupunguza mng'ao wa majani na kurudisha rangi yake. Hufanya kazi zaidi kamera inapoelekezwa nyuzi 90 kutoka upande wa jua.

Uwiano wa rangi

Rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini (K). Mwanga wa jua la mchana ni takriban K 5,500, wa kivulini chini ya anga la buluu unaweza kufika K 7,500 au zaidi, na wa jua linapotua hushuka karibu na K 3,000. Kamera hurekebisha tofauti hizo kwa mpangilio unaoitwa uwiano wa weupe.

Mpangilio wa kujiendesha mara nyingi hukadiria kwamba rangi zote za picha zikichanganywa hutoa kijivu. Fremu ikijaa majani mekundu, kamera inaweza kudhani kwamba mwanga wenyewe ndio mwekundu, ikaongeza buluu na kuufifisha wekundu huo. Njia za kuzuia kosa hilo ni hizi:

- Kuchagua mpangilio wa "jua" au "mawingu" badala ya kuiachia kamera.
- Kupiga kwanza picha ya karatasi nyeupe au kadi ya kijivu iliyo katika mwanga uleule wa miti, kisha kuitumia kama kipimo.
- Kuhifadhi faili ghafi, ambayo huruhusu uwiano wa weupe kubadilishwa baadaye bila hasara kubwa, tofauti na JPEG.
- Kutazama histogramu ya rangi nyekundu peke yake, kwa sababu inaweza kujaa na kupoteza mishipa ya majani hata kama mwangaza wa jumla unaonekana sawa.

Wakati wa kuhariri, uwiano wa weupe hurekebishwa kwanza, kisha mwangaza, na ukolevu wa rangi mwishoni. Ukolevu wa nyekundu ukiongezwa kwa picha nzima, udongo na ngozi za watu hubadilika pia. Udongo mwekundu haupaswi kutumiwa kama kipimo cha kijivu.

Mpangilio

Nyekundu huvuta jicho kuliko kijani. Mti mmoja mwekundu unaweza kuitawala picha yenye kijani kingi, kwa hiyo nafasi yake huamuliwa kabla ya vitu vingine. Ukiwa ukingoni, huvuta jicho nje ya fremu. Wengi hutumia kanuni ya theluthi, ambayo Mwingereza John Thomas Smith aliiandika kwa jina hilo mwaka 1797: fremu hugawanywa mara tatu kwa upana na kwa urefu, na kitu kikuu huwekwa penye makutano ya mistari. Kanuni hiyo ni mwongozo tu. Safu za mitiki, kwa mfano, huweza kupendeza zaidi mstari wake ukiwa katikati.

Anga jeupe linaloonekana kati ya matawi huvuruga rangi, na mara nyingi ni bora kulipunguza kwa kuweka mlima nyuma ya mti. Kusogea hatua chache huweza kutenganisha tawi na ukingo wa mlima. Mtu, nyumba au njia husaidia kuonyesha ukubwa wa miti.

Picha kama kumbukumbu

Picha za miti hutumika pia kufuatilia hali ya misitu. Miombo ya Morogoro hukatwa kwa ajili ya mkaa, na picha za mahali pamoja zikilinganishwa huonyesha mabadiliko. Rangi isiyo sahihi hupotosha ulinganisho huo: picha iliyoongezwa wekundu huweza kuufanya mteremko wenye afya uonekane umeungua, na iliyoongezwa kijani huficha sehemu zilizofyekwa.

Kwa kazi hiyo picha hupigwa kutoka sehemu moja, kwa lenzi ileile, saa ileile na uwiano wa weupe uliowekwa bila kubadilishwa. Maelezo hutaja tarehe, mahali na aina ya mti, kwani miombo yenye majani mekundu mwezi Septemba kwa kawaida haikauki, bali imeanza kuchipua.