Inchi moja tu ya theluji: Kwa nini modeli za utabiri hazikubaliani, na ipi ya kuaminiwa?

Kwa mkazi wa Dar es Salaam au Mombasa, theluji ya sentimita mbili inaweza kusikika kama mchezo wa watoto. Lakini katika miji ya Marekani kama Atlanta, Raleigh na Washington, kiasi hicho kidogo kimewahi kufunga barabara, kulaza wanafunzi shuleni na kuwafanya viongozi waombe radhi hadharani.

Ndiyo maana kila majira ya baridi, siku tatu au nne kabla theluji haijaanguka, kuna watu hawashiki usingizi. Wengi si wataalamu wa hali ya hewa. Wana kazi zao nyingine, lakini simu zao zimejaa ramani za rangi ya buluu na zambarau, na mjadala ni mmoja: modeli ipi imesema kweli safari hii?

Fahamu wanabishana kuhusu nini hasa.

Modeli ni nini?

Ni programu ya kompyuta inayogawa anga lote katika visanduku vidogo vidogo, kutoka ardhini hadi juu kabisa. Kila kisanduku kinapewa hali yake ya sasa: joto, unyevu, upepo na mgandamizo wa hewa. Taarifa hizo hutoka kwenye setilaiti, ndege, meli, vituo vya ardhini na maputo yanayorushwa mara mbili kwa siku duniani kote. Kisha kompyuta inapiga hesabu za fizikia na kusogeza hali hiyo mbele, dakika chache kwa wakati mmoja, hadi ifike wiki ijayo.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1922 Mwingereza Lewis Fry Richardson alichapisha jaribio lake la kupiga hesabu hizo kwa mkono, ili kupata utabiri wa saa sita tu. Jibu lake lilikuwa mbali kabisa na ukweli. Mwaka 1950 kompyuta ya ENIAC ilifanikiwa kutoa utabiri wa saa 24, ila kazi yenyewe ilichukua karibu saa 24. Yaani utabiri ulikuwa unakimbizana na hali ya hewa yenyewe.

Majina utakayoyasikia

GFS ni ya Marekani. Inaendeshwa mara nne kwa siku, inatazama hadi siku 16 mbele, na matokeo yake ni bure kwa mtu yeyote. Kwa sababu hiyo ndiyo iliyoenea zaidi kwenye programu za simu.

ECMWF ni kituo cha nchi za Ulaya kilichoanzishwa mwaka 1975, makao yake yakiwa Reading, Uingereza. Wapenzi wa hali ya hewa huiita modeli yake "Euro". Visanduku vyake vina upana wa takriban kilomita 9, wakati vya GFS ni takriban kilomita 13. Sifa yake ilipaa mwaka 2012: takriban wiki moja kabla kimbunga Sandy hakijafika, Euro ilionesha kitakunja kona kuelekea pwani ya Marekani, huku GFS ikikipeleka baharini. Sandy kilipiga New Jersey tarehe 29 Oktoba. Tangu hapo wengi waliiona Euro kama mfalme. Wanaopenda theluji wamempa mfalme huyo jina la utani "Daktari Hapana", kwa tabia yake ya kufuta theluji ambayo modeli nyingine zimeshaahidi.

Zipo pia ICON ya Ujerumani, modeli ya Kanada na ile ya Uingereza. Halafu kuna modeli za karibu, zinazotazama Amerika Kaskazini tu kwa undani zaidi: NAM, ambayo haivuki saa 84, na HRRR, yenye visanduku vya kilomita 3, inayoendeshwa upya kila saa na kumeza picha za rada. HRRR ni ya saa za mwisho. Anayeitumia kutabiri siku ya tatu anaipa kazi isiyo yake, kwa sababu hata inapokwenda mbali zaidi huishia saa 48.

Siku ya mfuatiliaji inakwendaje?

Modeli zote hufuata saa moja ya dunia. Mzunguko mkubwa wa mchana huanza na vipimo vya saa 1 asubuhi kwa saa za Washington majira ya baridi, ambayo ni saa 9 alasiri Afrika Mashariki. Mwingine huanza saa 1 usiku. Matokeo hayatoki papo hapo. NAM hutangulia, GFS huanza kuonekana baada ya takriban saa tatu na nusu, na Euro hufuata baadaye mchana. Kwa mfuatiliaji sugu, chakula cha mchana kinaliwa huku jicho likiwa kwenye Euro.

Wazoefu hawatazami ramani moja peke yake. Wanaweka ya leo asubuhi, ya jana usiku na ya jana asubuhi pamoja, kisha wanauliza: mwelekeo ni upi? Theluji inasogea kusini kila mara? Inapungua? Modeli inayobadilika kila baada ya saa sita inawapa wasiwasi kuliko ile iliyotulia, hata kama iliyotulia inaonesha theluji kidogo.

Kwa nini theluji kidogo inasumbua kuliko nyingi?

Hapa ndipo penye kiini cha mabishano. Theluji ya inchi moja, yaani sentimita 2.5, inahitaji maji ya milimita 2.5 tu kwa kanuni ya kawaida ya moja kwa kumi. Modeli moja ikitoa milimita 1 na nyingine milimita 4, kwa hesabu ya mvua hiyo ni tofauti ndogo sana. Ingekuwa Machi pale Mbeya, hakuna ambaye angeinua kichwa. Lakini kwenye theluji, ya kwanza ni sentimita 1 inayoyeyuka kabla ya chai, na ya pili ni sentimita 4 zinazofunga barabara.

Na hiyo kanuni ya moja kwa kumi haishiki kila mahali. Theluji yenye maji mengi, inayoanguka joto likiwa karibu na sifuri, hujilundika nusu ya hapo. Kwenye baridi kali huwa nyepesi kama pamba, na kina kinaweza kufika mara 15 au 20 ya maji yake. Ramani nyingi zinazosambaa mitandaoni hutumia moja kwa kumi bila kuuliza. Baadhi huhesabu hata mvua ya chembe za barafu kama theluji. Ramani inaweza kuandika inchi tatu mahali ambapo mtu akitoka nje atakuta tope.

Kuna hewa kavu pia. Rada inaweza kuonesha theluji juu ya mji kwa saa mbili nzima na chini isidondoke hata chembe, kwa sababu tabaka kavu karibu na ardhi linaigeuza kuwa mvuke njiani. Modeli ikikosea kidogo unyevu wa tabaka hilo, muda wa kuanza unahama. Kwenye tukio la saa nne au tano, kupoteza saa mbili ni kupoteza karibu nusu ya theluji yote.

Mwisho ni lami. Nyuzi joto 1 chini ya sifuri na nyuzi 1 juu yake ni dunia mbili tofauti, na joto la hewa si joto la barabara. Theluji ya mchana wa Machi huyeyuka ikigusa lami iliyopigwa na jua. Kiasi hicho hicho kikianguka alfajiri ya Januari kinakuwa kioo. Ramani ya inchi haisemi lolote kuhusu hilo, na kwa kweli hilo ndilo swali lenye maana zaidi kwa mtu anayekwenda kazini.

Atlanta, 28 Januari 2014

Tukio linalotajwa mara nyingi ni la Atlanta, jimbo la Georgia. Utabiri wa awali uliweka theluji kubwa zaidi kusini mwa jiji, na Atlanta ikapewa tangazo la tahadhari, ambalo ni daraja la chini. Alfajiri ya Jumanne hiyo, kabla ya saa 10, Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa ililipandisha na kuwa onyo la dhoruba ya theluji. Watu walikuwa wamelala. Asubuhi shule na ofisi zikafunguliwa kama kawaida.

Theluji ilipoanza mchana, kila mtu alitoka kwa wakati mmoja. Magari yakajaa barabarani, matairi yakayeyusha theluji, maji yakaganda tena na kuwa barafu. Magari ya kumwaga chumvi yalishindwa kupita kwa sababu ya foleni ile ile. Maelfu ya wanafunzi walilala shuleni au kukwama ndani ya mabasi. Madereva wengi waliacha magari na kutembea kwa miguu. Mtoto mmoja alizaliwa katikati ya foleni ya barabara ya I-285.

Kipimo rasmi cha uwanja wa ndege kilikuwa inchi 2.6, chini ya sentimita 7. Gavana Nathan Deal, ambaye mwanzoni aliizungumzia dhoruba kana kwamba haikutarajiwa, baadaye aliomba radhi.

Ukiangalia vizuri, modeli hazikukosea sana. Mstari wa theluji ulihama kilomita chache kwenda kaskazini, jambo ambalo modeli hufanya kila wiki. Tatizo ni kwamba kwenye kilomita hizo chache palikuwa na jiji la mamilioni ya watu ambalo uamuzi wake ulikuwa umeshafanyika usiku.

Washington ilipata lake tarehe 20 Januari 2016. Karibu inchi moja tu, jioni, kwenye barabara ambazo hazikuwa zimetiwa chumvi ya kutosha. Watu walikwama kwa saa nyingi na Meya Muriel Bowser akaomba msamaha. Cha ajabu, macho ya wafuatiliaji wengi usiku ule yalikuwa kwenye dhoruba kubwa iliyotarajiwa siku mbili baadaye. Hiyo kubwa modeli ziliiona mapema na jiji likajiandaa.

Basi tumwamini Euro?

Si kila mara. Januari 2015 Euro ilishikilia theluji kubwa mno kwa jiji la New York, GFS ikasema kidogo. Watabiri wakaegemea kwa mfalme. Treni za chini ya ardhi zikasimamishwa usiku wa tarehe 26, mara ya kwanza katika historia yake kwa sababu ya theluji. Bustani ya Central Park ikapata inchi 9.8 tu, chini ya nusu ya kilichohofiwa, ingawa mashariki kidogo, Long Island, sehemu nyingine zilizidi inchi 24. Kwa mara nyingine, mstari ulihama tu.

Ndiyo sababu wazoefu hupenda utabiri wa kundi. Kompyuta inaendesha modeli ile ile mara nyingi, kila mara ikibadilisha kidogo vipimo vya mwanzo. Euro ina washiriki 50 pamoja na mmoja wa msingi, na GFS ina jumla ya 31. Washiriki 40 kati ya 50 wakionesha theluji, hiyo ni habari. Wakionesha 12, na ramani moja yenye inchi sita ikasambaa kwa kasi mitandaoni, aliyeisambaza amechagua aliyopenda.

Sasa kuna na akili mnemba. GraphCast ya Google DeepMind ilichapishwa mwaka 2023, na ECMWF ilianza kutumia rasmi modeli yake ya AIFS Februari 2025. Hutoa majibu kwa dakika chache na zimekuwa hodari katika kuonesha njia ya mifumo mikubwa. Lakini kwa ukanda mwembamba wa theluji nyepesi, visanduku vya takriban kilomita 25 hadi 30 ni vipana mno. Hapo modeli za karibu bado zina kazi.

Kwa anayeishi huko

Wapo wazungumzaji wengi wa Kiswahili kwenye majimbo haya, wakiwemo Wakongomani wa Clarkston, nje kidogo ya Atlanta. Kwa anayeendesha gari kwenda zamu ya usiku, haya machache yanatosha:

Ramani ya theluji ya siku kumi zijazo ipite tu. Siku tatu kabla, tazama kama modeli zaidi ya mbili zinakubaliana kuhusu uwepo wa theluji, inchi ziache kwanza. Siku moja kabla, swali ni saa ngapi itaanza na barabara zitakuwa na joto gani. Saa 12 za mwisho ni za HRRR na rada.

Soma pia matangazo ya Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa usiku na tena alfajiri, kwa sababu daraja linaweza kubadilika ukiwa umelala. Madaraja ya barabarani huganda kabla ya barabara nyingine, maana upepo unayapoza juu na chini.

Na aliyeko Dar anaweza kufuatilia pia bila gharama zaidi ya bando. Modeli za dunia zinahesabu Kilimanjaro kwenye mzunguko ule ule zinaohesabu Atlanta. Majira ya baridi kule, GFS ya mchana wao huanza kutoka saa 12:30 jioni huku.