Nicodemus Baada ya Reli

Wengi wanaoandika tarehe ya Nicodemus, makazi ya wakulima weusi kaskazini-magharibi mwa Kansas, huiishiliza mwaka 1888. Mwaka uliotangulia wapiga kura wa kata walikubali kujifunga deni la dola 16,000 ili reli ya Missouri Pacific ipite kwao, haikupita. Kisha Union Pacific ikapiga kambi maili chache tu kutoka hapo, ng'ambo ya mto Solomon. Kambi ikageuka mji wa Bogue, na wenye maduka wa Nicodemus wakafungasha virago wakaufuata. Hapo ndipo wasimulizi huandika kwamba mji ulikufa. Hukumu hiyo ina haraka, kwa kuwa inaupima mji kwa wingi wa maduka, na waasisi wake hawakutoka Kentucky kwa ajili ya maduka.

Kampuni ya mji iliundwa 1877, miaka kumi na miwili tu baada ya utumwa kufutwa, na kina W. H. Smith, mchungaji Simon P. Roundtree na dalali mzungu W. R. Hill. Matangazo yao yalinadi nchi ya neema. Waliofika walikuta nyika isiyo na miti, wakachimba mahandaki ardhini wakaishi humo. Willianna Hickman, aliyefika 1878, alisimulia kwamba alipoonyeshwa mji aliona moshi tu ukitoka ardhini, akalia. Baadhi walirudi walikotoka. Waliobaki walivuka majira ya baridi ya kwanza, na inasimuliwa kwamba wawindaji wa Kiosage waliwagawia nyama. Kilichowashikilia ni sheria ya 1862, iliyompa mlowezi ekari 160 kwa ada ndogo endapo angekaa na kulima miaka mitano. Kwa mtu ambaye juzi tu alikuwa mali ya mwingine, hati ya shamba ilikuwa na uzito ambao kituo cha treni hakina.

Pamoja na ardhi walitaka mamlaka, na hayo pia waliyapata. Edward McCabe, aliyehamia huko 1878, akawa karani wa kaunti ya Graham, na 1882 akachaguliwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo zima la Kansas. Kusini, katika miaka hiyohiyo, weusi walikuwa wakifukuzwa kwenye masanduku ya kura kwa bunduki.

Atakayepinga atauliza: mbona basi wameondoka karibu wote? Swali ni la haki. Ukame na vumbi vya miaka ya 1930 viliwahamisha wengi, posta ikafungwa 1953, na leo wakazi wa kudumu ni wachache mno. Lakini mpinzani aitazame Bogue, iliyopata reli hiyo. Nayo leo haifikishi watu 200. Kaunti nzima ya Graham ilikuwa na watu zaidi ya 8,000 mwaka 1910. Hesabu ya 2020 ilikuta kama 2,400. Ngano ya mashine haihitaji mikono mingi, na kijana asiye na shamba kubwa huenda Denver au Topeka, awe mweusi au mzungu. Reli iliamua duka lifunguliwe wapi, ila haikumzuilia mtu yeyote kaunti ile. Kuilaumu kwa kila kilichofuata ni kuisahau miaka arobaini ya kilimo baada ya 1888, ambayo wakulima wa Nicodemus waliendelea kuvuna, kusali na kuchagua viongozi wa kata yao.

Ukumbi wa kata, wa mawe ya chokaa ya hapohapo, ulijengwa katika miaka ileile ya vumbi, ukakamilika 1939, miaka hamsini na moja baada ya mji kutangazwa maiti. Tangu 1996 makazi hayo yanalindwa na serikali ya Marekani kama eneo la kihistoria la taifa, na kila mwisho wa Julai wajukuu wa walowezi hurudi kwa sherehe ya ukombozi. Baadhi ya mashamba ya kandokando bado yako mikononi mwa wazawa wao.