Hewa ya zamani iliyofungwa ndani ya barafu: inatuambia nini?

Miaka 800.000 iliyopita hakuna mtu aliyekuwa akiandika hali ya hewa. Namna gani basi wanasayansi wanasema hewa ya wakati ule ilikuwa hivi ao vile? Ni kwamba hewa yenyewe ingali iko, imefungwa ndani ya barafu ya Antaktika, na wameipima.

Kule theluji inaanguka na haiyeyuki. Ya mwaka huu inalalia ya mwaka jana, uzito unaongezeka, na kufikia metre 50 mpaka 100 chini inageuka barafu ngumu. Vinafasi vya hewa vinafungika hapo. Mbele ya kufungika hewa ilikuwa ikipita bado, kwa hiyo hewa ya ndani ni changa kuliko barafu inayoizunguka, mara nyingine kwa miaka elfu kadhaa.

Mfaransa Claude Lorius alisimulia mwenyewe namna wazo lilivyomjia. Mwaka 1965, kule Antaktika, yeye na wenzake walitia vipande vya barafu ya zamani ndani ya wiski. Barafu ikaanza kutoa mapovu. Akawaza: hii ni hewa ya zamani inatoka!

Kwa kuipata, wanachimba kwa bomba lenye meno linalokata nguzo ndefu ya barafu. Kazi si ndogo: kwenye kituo cha Vostok, cha Warusi, baridi ilishafika degre 89,2 chini ya sifuri, tarehe 21 Julai 1983. Barafu ya Vostok ilitoa historia ya miaka 420.000, iliyotangazwa mwaka 1999. Kisha Wazungu wa mradi EPICA wakashuka zaidi ya metre 3.200 pale Dome C, wakafika miaka 800.000. Mu laboratwari, kipande kinasagwa ndani ya chombo kisicho na hewa, gazi inatoka, inapimwa. Joto la zamani linasomwa mu maji ya barafu yenyewe, juu wakati wa baridi kali maji mazito yanapungua ndani ya theluji.

Miaka hiyo yote, gazi karboniki ilipanda na kushuka kati ya sehemu 180 na 300 hivi ndani ya milioni. Mbele ya viwanda ilikuwa 280. Leo imepita 420.

Kuna wenye kubisha: zamani joto lilianza kupanda, gazi ikafuata. Kwa sehemu ni kweli. Mabadiliko ya mwendo wa dunia kuzunguka jua yalianzisha joto, bahari ikaachia gazi, nayo gazi ikaongeza joto. Lakini leo gazi inatangulia, na tunajua inakotoka: makaa ya mawe, petroli, misitu inayokatwa.

Barafu yetu ya Rwenzori haiwezi kazi hiyo. Maji ya kuyeyuka yanapenya na kuvuruga tabaka, na yenyewe inakwisha. Ila nchi zetu zimo ndani ya hadithi: metane iliyofungwa kule Antaktika ilitoka kwa sehemu kubwa mu vinamasi vya nchi za joto. Mvua ikizidi huku, metane inaongezeka kule.

Mu Januari 2025, mradi Beyond EPICA ulifika metre 2.800, kwenye barafu ya miaka milioni 1,2 na zaidi. Wanatafuta kujua kwa nini zamani sana vipindi vya barafu vilirudi kila miaka 41.000 hivi, kisha vikaanza kuchukua karibu 100.000.