Gia ya boti kuukuu inapogoma: Chunguza kebo kabla ya kufungua sanduku

Na Mwandishi Wetu

BOTI yenye injini ya miaka mingi huanza kumsumbua mwenyewe pale anapoingiza gia. Husikika mlio wa chuma kugonga chuma, mkono wa gia huwa mzito na wakati mwingine gia huchomoka yenyewe. Wengi hulivumilia tatizo hilo hadi siku nahodha anapokaribia gati, akavuta gia ya nyuma, nayo ikagoma. Boti haina breki. Gia ya nyuma ndiyo breki yake.

Injini za kufungwa nyuma ya boti, zinazotumiwa sana na wavuvi na wasafirishaji wa pwani yetu, kwa kawaida hazina sahani za klachi kama gari. Ndani ya sanduku la chini, karibu na propela, kuna gia mbili: ya mbele na ya nyuma. Katikati yake kuna kipande chenye meno kinachoteleza kwenye mhimili wa propela na kuinasa mojawapo. Kinachokisukuma ni kebo inayotoka kwenye mkono wa gia hadi kwenye injini, kisha fimbo inayoshuka hadi kwenye sanduku.

Jambo la kwanza la kuchunguza ni kasi ya injini ikiwa frii. Injini nyingi hutakiwa kuzunguka kati ya mara 600 na 1,000 kwa dakika. Kiwango halisi kimo katika kitabu cha injini husika. Ikizidi hapo, meno hugongana kwa nguvu. Kurekebisha kasi hiyo ni kazi ndogo.

Pili ni kebo. Maji ya chumvi huingia ndani ya ganda lake na kuufanya waya ushike kutu. Zima injini, ondoa kamba ya usalama, chomoa nyaya za plagi, kisha itenganishe kebo na injini. Sukuma mkono wa gia. Ukiwa bado mzito, kasoro iko kwenye kebo au kwenye kisanduku cha mkono huo. Ukiwa mwepesi, ingiza gia kwa mkono pale kwenye injini huku mwenzako akiizungusha propela taratibu. Ikikwama hapo, tatizo liko chini. Kebo iliyoshika kutu au ganda lake kupasuka hubadilishwa, wala si ya kupakwa grisi na kurudishwa. Iwapo kebo ni nzima, fundi ahakikishe urefu wake umerekebishwa sawasawa, kwani isipofika mwisho meno hushikana nusu tu.

Tatu ni oili ya gia. Fungua skrubu ya chini ya sanduku, kisha ya juu, uikinge oili. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia na sili zimechoka. Unga laini wa chuma ni wa kawaida. Vipande vya chuma ni dalili ya meno kuvunjika, na hapo ndipo sanduku hufunguliwa. Oili mpya huingizwa kupitia tundu la chini hadi itokeze juu. Ni desturi kuibadilisha kila baada ya saa 100 za kazi, au angalau mara moja kwa mwaka.

Gia inayochomoka yenyewe boti ikiwa na mzigo huashiria meno yaliyolika. Hapo marekebisho ya kebo pekee hayatoshi.

Mara nyingi meno hayo huliwa na mkono wa nahodha mwenyewe. Wapo wanaoingiza gia polepole wakidhani wanaihurumia injini. Kumbe ndivyo meno yanavyosagana kabla ya kunasa. Punguza mafuta, subiri injini itulie, kisha ingiza gia kwa mkupuo mmoja. Na kabla ya kung'oa nanga, jaribu gia ya mbele na ya nyuma. Ikigoma ukiwa ufukweni, umepoteza safari tu.