Bata wa Mayai na Chakula Chake: Kutoka Majaruba ya Java hadi Uani

Bata mwitu wa nchi za kaskazini, yule ambaye dume lake lina kichwa cha kijani, ndiye asili ya takriban bata wote wafugwao, isipokuwa jamii iliyotoka Amerika ya Kusini. Jike lake hutaga mayai 8 hadi 13, huyalalia kwa siku kama 28, na kwa kawaida huo ndio mwisho wa kutaga kwake kwa mwaka. Jike wa aina ya Khaki Campbell, aliyetokana na ukoo huohuo, huweza kutaga hadi mayai 300 kwa mwaka, na ni nadra kukubali kulalia hata moja. Tofauti hiyo ni kazi ya mikono ya watu, na sehemu yake kubwa ilifanyika katika visiwa vya Java, Bali na Lombok kabla mfugaji wa Ulaya hajaigusa.

Katika visiwa hivyo ufugaji wa bata ulifuata kalenda ya mpunga. Baada ya mavuno mchungaji alilitoa kundi lake jaruba hadi jaruba, akiliongoza kwa mwanzi mrefu wenye kishada nchani. Alipouchomeka mwanzi huo ardhini, bata walizoea kubaki karibu nao. Chakula kilikuwa punje zilizopukutika, konokono, wadudu, minyoo na majani ya majini, vyote bila gharama. Maisha hayo ndiyo yaliyowachagua ndege. Bata asiyeweza mwendo aliachwa nyuma, na jike lililotaka kukaa juu ya mayai yake halikuwa na nafasi katika kundi linalohama. Kazi ya kuangua ikawa ya kuku, au ya makapi ya mpunga yaliyopashwa moto. Vizazi vingi baadaye akapatikana bata mwembamba, anayetembea wima, anayetaga mfululizo. Mwanasayansi Mwingereza Alfred Russel Wallace aliwakuta Lombok mwaka 1856, makundi kwa makundi, wakiuzwa bei ya chini kwa mabaharia wa meli za mchele. Mabaharia hao waliwaita askari wa Bali.

Kwa njia ya meli ndege hao walifika Uingereza katika karne ya 19, wakabandikwa jina Indian Runner ingawa hawakutoka India. Huko Uley, katika jimbo la Gloucestershire, Adele Campbell, mke wa daktari, alikuwa na jike mmoja wa aina hiyo aliyesifika kwa kutaga. Inasimuliwa kwamba alitaga mayai 182 katika siku 196. Bi Campbell alitaka mayai hayohayo pamoja na mwili wenye nyama ya kutosha familia. Akampandisha kwa dume la Rouen, bata mkubwa mwenye asili ya Ufaransa, kisha akaongeza damu ya bata mwitu. Mwaka 1898 aliwatangaza bata wake hadharani. Uzao wa baadaye ulitoka na rangi ya udongo mkavu, na kwa kuwa Vita vya Makaburu vilikuwa vinapiganwa Afrika Kusini, akauita kwa jina la rangi ya sare za askari wa Uingereza.

Bata alikuwa amebadilika, lakini mahitaji ya mwili wake yalibaki yale ya ndege wa majini. Watu wa Aylesbury, katika jimbo la Buckinghamshire, walilitambua hilo kwa uzoefu. Wao walikuza bata weupe wa nyama kwa soko la London, mara nyingi ndani ya nyumba zao wenyewe, na vifaranga wachanga waliwalisha mayai ya kuchemsha, wali, mkate uliolowekwa na maini ya ng'ombe. Mlo huo ulikuwa wa gharama kwa watu maskini. Hata hivyo walikuwa sahihi kuliko vitabu vingi vilivyokuja baada yao, kwa sababu maini na mayai vilijaza pengo ambalo sayansi ilikuwa bado haijalipa jina.

Pengo lenyewe lilionekana wazi bata walipofungiwa na kulishwa nafaka. Katika miaka ya 1930 mayai ya bata yalihusishwa na milipuko ya salmonela Uingereza, wanunuzi wakayaogopa, na biashara yake ikadidimia huku ya kuku ikipanuka. Viwanda vya chakula cha mifugo vikamtazama kuku zaidi. Mwenye bata wachache uani akabaki kununua gunia la chakula cha kuku, mara nyingi lenye mahindi mengi, na baadhi ya vifaranga wake wakaanza kupinda miguu, kuvimba viungo na hatimaye kushindwa kusimama.

Jibu lilitokana na ugonjwa wa binadamu. Kusini mwa Marekani pelagra iliwaua maelfu ya watu waliotegemea mahindi, na kuanzia 1914 daktari Joseph Goldberger alionyesha kwamba chanzo chake ni mlo, wala si vijidudu. Mwaka 1937 Conrad Elvehjem na wenzake katika Chuo Kikuu cha Wisconsin waligundua kwamba dawa yake ni asidi ya nikotini, yaani niasini. Niasini ya mahindi imefungamana kiasi kwamba mwili huipata kwa shida. Katika miaka ya 1940 na 1950 watafiti wa Marekani waliihusisha miguu iliyopinda ya bata na upungufu huohuo. Kuku huweza kutengeneza sehemu ya niasini yake kutokana na protini. Ini la bata lina kimeng'enya chenye nguvu kinachoielekeza malighafi hiyo njia nyingine kabla haijawa vitamini. Kwa hiyo bata huhitaji takriban miligramu 55 katika kila kilo ya chakula, karibu mara mbili ya kinachomtosha kifaranga wa kuku wa mayai. Wafugaji wa nyumbani hujazia kwa hamira ya pombe, samaki wadogo au maini.

Suala la mwisho ni umri. Campbell jike huanza kutaga akiwa na majuma 20 hadi 24, na Waingereza walipendelea kuangua Machi na Aprili ili aanze kabla ya baridi. Kabla ya hapo chakula cha kutagia humdhuru, kwani chokaa yake nyingi huchosha figo za ndege asiyetengeneza maganda. Protini huanzia asilimia 20 hadi 22 katika majuma mawili ya kwanza, kisha hushuka hadi karibu 16, mwili ukomae polepole; jike anayeharakishwa hutoa mayai madogo na huweza kutokwa na kizazi. Yai la kwanza likishaonekana, ndipo maganda ya chaza yaliyopondwa huwekwa katika chombo cha pembeni, kila jike ajichukulie kadiri anavyotaga.