Barua sita za mchungaji Mlutheri zilizozaa hatua 12

Mvua zikinyesha Njombe, mianzi hutoa ulanzi na vilabu hujaa hadi Makambako. Njombe ndiko yaliko makao ya Dayosisi ya Kusini ya KKKT, lakini ni Walutheri wachache wanaojua kwamba hatua 12 za kuacha pombe, zinazofuatwa na Alcoholics Anonymous duniani kote, zina mizizi kwa mchungaji wa kanisa lao. Juni 10, 2025 chama hicho kilitimiza miaka 90.

Mchungaji huyo ni Frank Buchman wa Pennsylvania, Marekani. Garth Lean, aliyeandika maisha yake, anaupa uzito mwaka 1908. Kabla ya hapo Buchman alikuwa mlezi wa hosteli ya vijana Philadelphia. Wajumbe sita wa bodi walipobana fedha za chakula, alijiuzulu na kwenda Ulaya akiwa na kinyongo. Huko Keswick, Uingereza, aliingia kanisa dogo, akamsikia Jessie Penn-Lewis akihubiri msalaba. Akatambua kwamba, hata kama wale sita walimkosea, yeye mwenyewe alikuwa mkosaji wa saba. Akamwandikia kila mmoja kumwomba radhi. Hakuna aliyejibu, lakini moyo wake ulikuwa umefunguka.

Tangu hapo alifundisha watu kukiri kosa mbele ya mwenzao na kumrudia waliyemdhulumu. Kundi lake, Oxford Group, ndilo lililomfikia mlevi Bill Wilson wa New York mwishoni mwa 1934. Mwaka uliofuata Wilson alikutana na daktari Bob Smith mjini Akron, na chama cha Alcoholics Anonymous kikaanza. Kitabu cha chama hicho chenye hatua 12 kilitoka 1939. Mungu akatajwa humo kadiri kila mtu anavyomfahamu, ili hata asiye Mkristo apate nafasi.

Mafundisho ya Keswick hiyohiyo yalimlea kiroho daktari Joe Church wa Gahini, Rwanda, ulikochipukia Uamsho wa miaka ya 1930 uliofika hadi Tanganyika. Waliookoka walikiri hadharani na kurudisha mali za watu. Kwa hiyo hatua hizi si ugeni kwetu.

Zanzibar nyumba za kuwasaidia waraibu zinazitumia. Huku kwetu, mara nyingi mlevi hutengwa na Meza ya Bwana na kuachwa hapo. Wachungaji na wazee wa kanisa wa Njombe na Makambako, fungueni chumba cha usharika jioni moja kwa wiki, walioacha pombe wakae na wanaotaka kuiacha.